Umepata C-, Unataka Kusomea Biashara: Weka Karatasi Mezani

Andiko ni refu kidogo, lisome ukiwa umetulia. Kama una ndugu au jirani aliyemaliza kidato cha nne na amejifungia chumbani tangu matokeo yatoke, mtumie.

Wiki mbili baada ya matokeo nilikuwa Kabazi, huku Subukia, nikingoja matatu ya kurudi Nakuru. Kijana mmoja wa boda boda akanitolea salamu, tukaanza kuzungumza. Alikuwa na C-. Anataka kusomea biashara, manake duka la mamake la unga na sukari ndilo lililomlea, na hesabu za duka anaziandika yeye tangu darasa la saba. Nikamuuliza ameomba chuo gani. Akasema bado. Kuna mtu Nakuru mjini amemwambia alete elfu thelathini na tano, "atamrekebishia" ile C- iwe C+, halafu kuingia chuo kikuu itakuwa rahisi.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia lakini matatu ilijaa, dereva akaanza kupiga honi. Nakuandikia wewe, kwa sababu najua kijana yule hayuko peke yake.

Kwanza tupige hesabu. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, yaani alama ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Toa mwenyewe: zaidi ya laki saba walibaki chini ya mstari. Laki saba! Kwa hivyo ukikaa chumbani ukidhani wewe ndiye uliyeanguka Kenya nzima, hesabu umeikosea, na ni wewe unayetaka kusomea biashara.

Na wanaouvuka mstari huo hawalingani mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 A zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, Fred Matiang'i akiwa waziri na wizi wa mtihani umebanwa, zikawa 141. Waliofika C+ mwaka 2017 walikuwa 70,073 tu, karibu mmoja kati ya tisa. Mwaka 2024 ni mmoja kati ya wanne. Sikwambii alama haina maana. Ina maana, na kama hisabati ulipata D, hisabati hiyo hiyo inakungoja kwenye darasa la uhasibu. Ninachosema ni kwamba karatasi ile inaonyesha ulivyofanya mtihani mmoja, mwaka mmoja. Haisemi lolote kuhusu daftari la duka la mama.

Sasa ile elfu thelathini na tano. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imepata vyeti ghushi 2,067 miongoni mwa watumishi iliowachunguza. Hao ni watu waliokuwa tayari kazini, wana ofisi na familia. KNEC ina rekodi ya kila mtahiniwa. Chuo au mwajiri akitaka kuhakikisha, jibu linatoka KNEC, si kwenye karatasi uliyobeba kwenye bahasha. Na EACC haitafuti kifungo peke yake, huenda mahakamani kudai mishahara yote uliyolipwa irudishwe. Fikiria miaka kumi ya mshahara, umeshajenga, una watoto shuleni, halafu barua inafika. Na wewe ndiye uliyetaka kushika hesabu za watu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Weka C- yako mezani tuone inafungua nini.

Inafungua diploma. Katika vyuo vya umma vya ufundi, diploma inaanzia C-, na cheti kinaanzia D. Chini ya hapo ziko kozi za artisan. Vijana wengi wanadhani vyuo hivi ni vya kuchomelea vyuma na kufungua injini tu. Rift Valley National Polytechnic pale Nakuru, ile ambayo wakubwa bado wanaiita RVIST, inafundisha biashara pia. Unaomba kupitia KUCCPS, mtandao ule ule anaoutumia mwenye A. Wakati wa kuomba ukifunguliwa, usimwachie mtu wa saiba akuchagulie kozi kwa sababu foleni ni ndefu. Kaa naye, soma masharti ya kila kozi mwenyewe. Alama ya jumla ni jambo moja. Kozi nyingine zinaangalia pia hisabati au Kiingereza peke yake, na hapo ndipo watu huanguka bila kujua.

Kisha kuna mlango wa KASNEB, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vijana wetu wa mashinani wanaupita kama hawauoni. KASNEB ndiyo inayotahini wahasibu nchini tangu 1969. Kila mtu amesikia CPA, na kila mtu amesikia kwamba inataka C+, basi wenye C- wanafunga kitabu. Lakini kuna mtihani wa chini yake unaoitwa ATD, diploma ya wahasibu wasaidizi, na huo unapokea C-. Ukiumaliza, unaingia CPA kwa cheti hicho, hakuna anayekuuliza tena habari ya KCSE. CPA yenyewe ina ngazi tatu, Foundation, Intermediate na Advanced. Siku utakapoimaliza, hakuna mahali kwenye cheti panapoandikwa kwamba ulianzia ATD. Utakaa meza moja na aliyekuwa na A-, mkifanya kazi ile ile.

Zuri lingine: mitihani hufanywa mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Ukianguka somo moja unalirudia, husubiri mwaka mzima. Na unaweza kusoma mwenyewe, ukiwa Kabazi, jioni baada ya kuegesha pikipiki. Hapo niseme ukweli lakini. Kusoma peke yako ni kugumu. Nimeona wengi wakianza kwa kishindo, wananunua vitabu, wanapiga picha ya vitabu na kuiweka status, na mtihani wa kwanza hawafiki. Tafuteni watu wawili watatu, hata kama ni kwenye ukumbi wa msikiti baada ya Isha, mfanye maswali ya mitihani iliyopita pamoja.

Kutoka diploma kwenda digrii njia ipo. Vyuo vikuu vingi vinapokea mwenye diploma, na baadhi vinamhesabia masomo aliyokwisha kuyafanya, asianze sifuri. Egerton ina kampasi yake Nakuru mjini ambako biashara inafundishwa, kwa hivyo si lazima uhamie Nairobi. Ila hayo ya kuhesabiwa masomo uliza mapema, na uombe jibu kwa maandishi. Kwa mdomo kila mtu ni mkarimu. Siku ya kujisajili ndiyo unaambiwa uanze mwaka wa kwanza.

Utachelewa. Aliyepata C+ atamaliza digrii na wewe bado una mwaka mmoja au miwili mbele yako. Hilo halifurahishi na sitalipaka rangi. Kama ulikosa kidogo sana, tuseme una C na unajua ni kitu gani kilikuangusha, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi pia ni njia. Kama una C- na hisabati ya E, mimi ningechukua diploma nisonge.

Kuchagua chuo sasa. Nakuru mjini utaona vibao vingi, chuo kiko ghorofa ya tatu juu ya duka la simu, jina refu la Kizungu lenye neno "International". Jina si usajili. Mimi mwenyewe, zamani, nililipa karo ya muhula mzima kwenye chuo cha namna hiyo. Muhula wa pili tukakuta kufuli. Pesa zile zilikuwa za maziwa ya babu yangu, na mpaka leo sijawahi kumweleza vizuri zilikokwenda. Basi kabla ya kutoa shilingi, uliza mambo mawili. Chuo hiki kimesajiliwa na TVETA, na je, kimeidhinishwa kufundisha kozi hii hasa? Halafu, mtihani wa mwisho unatungwa na nani: KNEC, KASNEB, au TVET CDACC? Wakikwambia "tunatahini wenyewe na cheti chetu kinatambulika duniani", chukua begi lako. Chuo kikuu nacho kina mdhibiti wake, CUE. Na dada yangu, habari ya hijabu na ruhusa ya sala ulizia kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Tukija kwenye barua ya maombi, hapa ndipo wenye alama za chini hujiharibia. Wengine hawaitaji alama kabisa, kana kwamba msomaji hataiona. Wengine wanaandika kurasa mbili za shida: mvua, mwalimu, ugonjwa, njaa. Shida inaweza kuwa kweli tupu, lakini anayesoma ana barua mia tatu. Mpe sentensi mbili za ukweli, kisha umwonyeshe ulichofanya tangu hapo. Yule kijana wa Kabazi angeandika hivi: "Nilipata C-. Muhula wa mwisho nilikuwa nikiendesha duka la mama mchana na kusoma usiku, na alama zangu zikashuka. Kwa miaka mitano nimeandika mauzo na madeni ya duka hilo kila siku, na nimeambatanisha nakala ya kurasa tatu." Basi. Kurasa tatu za daftari zinasema zaidi ya "mimi ni mchapakazi na mwenye ari".

Na barua za mapendekezo: ya imamu ni nzuri kwa tabia, usiiache. Lakini tafuta na ya mtu aliyekuona ukishika pesa. Yule anayewaletea unga kwa jumla, ambaye hujawahi kumkosea hesabu, barua yake ina uzito.

Nimepata meseji pia za wakubwa kidogo, waliomaliza digrii na second lower, au pass, wanaitamani MBA. Mambo ni yale yale, ngazi tofauti tu. Vyuo vingi vya hapa vinataka upper second, kisha vinaweka mlango wa pili: lower second pamoja na miaka kadhaa ya kazi, au cheti cha taaluma. Kwa hivyo kama umemaliza juzi na second lower, usikimbilie kuomba leo. Fanya kazi miaka miwili, malizia CPA kama uliiacha njiani, ndipo uombe. Maombi yako ya wakati huo yatakuwa na kitu ndani.

Jambo la haki ambalo lazima niliseme. Kuna mnaoshindwa kuomba popote kwa sababu cheti cha KCSE kimezuiliwa shuleni, kuna deni la karo. Wizara ya Elimu imeagiza zaidi ya mara moja kwamba vyeti vitolewe. Cheti ni chako. Deni ni la kuzungumzwa na mzazi, na lilipwe, lakini haliwi sababu ya kukufungia maisha. Nenda shuleni na mzazi au mlezi, omba cheti kwa barua, baki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukikataliwa, peleka nakala hiyo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Usiende kufoka getini. Barua iliyopigwa muhuri ina nguvu kuliko kelele.

Pesa. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na najua wengi wetu hapo ndipo tunasita. Hukumu yake muulize sheikh wako, mimi si mufti. Ninachojua ni kwamba kuna pesa zisizo mkopo: basari ya NG-CDF ya eneo bunge la Subukia, na ile ya kaunti ya Nakuru. Fomu hutolewa kwa muda mfupi, na watoto wetu mara nyingi wanasikia habari wiki moja baada ya kufungwa. Muulize chifu, muulize mtu wa ofisi ya wadi, na usione haya kurudi mara ya tatu. Kamati za misikiti nazo, wazee wetu mnaosoma hapa: zaka ikigawanywa, mkumbukeni mwenye C- pia. Mwenye A ana wafadhili wengi.

Kijana wa Kabazi, kama hii imekufikia: hukuniachia namba. Nitapita hapo steji Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, mchana, baada ya Adhuhuri. Njoo na karatasi yako ya matokeo na daftari la duka la mama, tukae tuandike maombi ya ATD na ya diploma siku hiyo hiyo. Na ile elfu thelathini na tano usiitume. Muhula wa kwanza utaihitaji.