Mwili Wetu Haiko CV

Wandugu na wandada wa Lubumbashi, kutoka Katuba mupaka Ruashi, kutoka Kenya mupaka Bel-Air,

Kuko maneno mawili ya Kifaransa yenye mumesoma mara mingi kwenye matangazo ya kazi, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye milango ya maduka ya mjini: "bonne présentation". Tangazo linaomba diploma. Linaomba miaka mitatu ya uzoefu (mutu ametoka Kasapa mwaka jana, uzoefu ataupata wapi?). Na chini kabisa linaomba "bonne présentation" pamoja na picha ya mwili muzima. Mwili muzima! Kwa kazi ya kuingiza faktiri kwenye kompyuta.

Hakuna anayeeleza maana ya maneno hayo, juu kila mutu anajua. Kwa musichana, maana yake ni awe mweupe kidogo, na awe na mwili wa kuonekana. Kwa kijana mwanaume, asiwe mwembamba, juu mwanaume mwembamba anahesabiwa kuwa mutu wa shida ao mugonjwa. Kama wanaomba usafi, tutakuja wasafi. Kama wanaomba shati iliyopigwa pasi, tutapiga pasi hata kama courant imekatika, makala iko. Lakini rangi ya ngozi haipigwe pasi.

Mimi nilimaliza masomo ya uchumi ku unif. Niko mweusi, niko mwembamba. Mwaka jana, kwenye ofisi moja ya mjini, bwana mumoja alisoma karatasi zangu zote polepole, akaniambia pointi ziko nzuri. Kisha akaniangalia kutoka kichwa mupaka viatu: "Mademoiselle, diploma haina tatizo. Lakini tunatafuta mutu mwenye kung'aa." Nilikuwa nimeomba kazi ya hesabu. Mahesabu yanaombwa kung'aa tangu lini? Jina la ofisi sitaji, juu zinafanana sana mupaka kutaja moja ni kuzitetea zingine.

Nyumbani waliponiona nimejifungia wiki mbili, mama mudogo alikuja na mufuko. Ndani ya mufuko: tube mbili za kupaka na pakiti ya vidonge vya kunona. "Mwanangu, miezi mitatu tu. Ukisha kupata kazi, unaacha." Hakukuwa na ubaya ndani yake. Alikuja na mapendo, alikopa hata franga za kununua. Njo pale nilielewa ukubwa wa shida: tuko kwenye muji ambamo mutu anayekupenda anakuletea sumu, juu sumu imekuwa sehemu ya dosie ya kuomba kazi.

Nasema sumu, na ninajua ninachosema. Idrokinoni, ukiipaka kwa muda murefu, inaweza kugeuza ngozi kuwa na madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka tena. Zebaki inaingia mwilini na kuharibu mafigo. Pomade kali za kortizoni, kama zile za klobetazoli, zinafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Siku ya operasio, munganga anashona, uzi haushike vizuri na kidonda kinachelewa kupona. Na vidonge vya kunona? Vingi ni deksametazoni, dawa ya maana kabisa kwa mugonjwa mwenye kuandikiwa na munganga. Ukiimeza bila ugonjwa ili upate mashavu, inapandisha sukari na tansio, uso unavimba, na ukiiacha gafula mwili unaweza kuanguka, juu umesahau kutengeneza kortizoni yake yenyewe. Bamama wa soko wanasema "amenona". Kumbe amevimba.

Afrika ya Kusini ilikataza bidhaa za kuchubua ngozi tangu 1990. Rwanda ilianza kuziondoa kwenye maduka mwisho wa 2018, polisi inapita duka kwa duka. Mwaka 2023, inchi za Mapatano ya Minamata ziliamua kwamba mapambo yote yenye zebaki yafike mwisho 2025. Na sisi? Tembea kidogo ku Marché Mzee Kabila. Zimepangwa kama nyanya. Malori yanapita Kasumbalesa muchana na usiku, na mwenye kuleta masanduku ya vitabu anafunguliwa kila sanduku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine kati yetu hawapendi kusikia kwenye ukurasa huu.

Nilienda kuona mushauri. Ndiyo, mushauri wa saikolojia, mama mumoja anayepokea watu bure ku parokia fulani, siku ya Alhamisi. Najua munavyosema: yule anapoteza kichwa, mumupeleke ku Guislain. Centre Joseph Guislain inafanya kazi kubwa ya kuponya wagonjwa, na hakuna haya ya kuingia pale. Lakini mutu haongoje nyumba iungue yote njo atafute maji.

Nilifikiri ataniambia "uko muzuri sana, jipende". Nilikuwa nimesikia hii mara mingi, kwa bapasta, kwa video, kwa watu wanaouza semina za dolla kumi. Hakuniambia. Aliniuliza: "Leo mwili wako umefanya nini?" Nikajibu: hakuna. "Umefika hapa namna gani?" Kwa miguu, kutoka Katuba, juu sikuwa na franga za taxi-bus wala za manseba. "Basi miguu imefanya kazi. Asubui ulibeba maji?" Nilibeba, mabido mawili. "Mikono nayo imefanya kazi." Akanyamaza. Kisha akasema maneno ambayo niliandika kwenye kaye yangu: "Mwanangu, si lazima uupende mwili wako. Mwili haukuombe mapendo kila asubui. Unaomba chakula, usingizi, na usiutukane."

Hii mawazo haikuzaliwa kwetu, nasema wazi mbele ya mutu kunifundisha. Huko Marekani, karibu miaka kumi iliyopita, washauri walianza kuona kwamba kumulazimisha mutu aseme "niko muzuri" wakati haamini ni kumuongezea muzigo wa pili: ananyanyaswa juu ya mwili, kisha anajilaumu juu hajipende vya kutosha. Wakasema afazali kusimama katikati. Mwili si adui, si sanamu ya kuabudu. Ni mwili. Imetoka mbali, lakini nitajie kijana wa Katuba ambaye haimusaidie.

Kazi ya pili aliyonipa ilikuwa ngumu. Kila mara neno baya juu ya mwili wangu linapita kichwani, niliandike, na pembeni niandike ni sauti ya nani. Baada ya wiki tatu nilihesabu (mutu wa uchumi hawezi kukosa kuhesabu). Bwana wa ofisi. Shangazi ku matanga. Mwalimu wa primère aliyeniita Makala. Tangazo la pomade kwenye simu. Kurasa kumi na moja, na hakuna hata sauti moja iliyokuwa yangu.

Wandugu wa mouvement, nawajua. Mumoja aliniambia usoni: "Hatuna maji, hatuna courant, barabara zinakufa, na weye unatuletea mambo ya ngozi?" Nilimujibu, na namujibu tena hapa. Mwili wa Mukatanga haujakuwa jambo la siri la mutu peke yake hata siku moja. Union Minière, tangu kuzaliwa kwake 1906, iliomba miguvu. Munganga wa kampuni alimupima mutu mbele ya kumutuma ku mine: huyu anafaa, huyu hafai. Kisha 1952 wakoloni walileta immatriculation: Mukongomani anayetaka kuhesabiwa kama "mustaarabu" alipashwa kuchunguzwa, watu wa serikali wanaingia nyumbani kwake kuangalia namna familia inavyoishi na kula. Bababu zetu walipimwa kifua, wakapimwa meza. Leo tunapimwa picha ya mwili muzima. Mupimaji amebadilisha suruali tu.

Kwa hiyo usiniambie kwamba ni mambo madogo ya wasichana. Kijana mwenye kuamini kwamba uso wake ni kosa hawezi kusimama mbele ya mukubwa na kumuuliza makuta ya kominé ilienda wapi. Anainamisha kichwa mbele hajafungua mudomo.

Na kuko hatari ya upande mwingine, siifiche. Kujikubali kunaweza kugeuzwa kuwa dawa ya usingizi: pumua, kunywa maji, samehe bwana wa ofisi, endelea kukaa bila kazi kwa amani. Hapana. Nilimuuliza mama mushauri swali hilo wazi. Alijibu: "Mimi naweza kukusaidia usijichukie. Tangazo siwezi kulibadilisha. Ile ni kazi yenu."

Basi tuifanye. Katiba ya 2006, kipengele 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani, na inakataza mutu kuonewa kwenye kazi juu ya asili yake, jinsia yake, mawazo, imani ao hali yake ya maisha. Code du travail ya 2002, kipengele 62, inataja rangi kati ya sababu ambazo patron hawezi kutumia kumufukuza mutu. Pale inaongea juu ya mwenye amekwisha kuingia. Juu ya siye tulio inje ya lango, kuko Mapatano namba 111 ya Shirika la Kazi la Dunia, ambayo inchi yetu iliyakubali 2001: yanataja rangi, na yanagusa pia kuingia kazini. Inspecteur wa kazi anayajua. Kama hayajui, tutamupelekea kopi, tumechanga franga za fotokopi.

Tunaomba maneno "bonne présentation" na picha ya mwili muzima yatoke kwenye matangazo ya kazi ya muji huu. Tunaomba OCC na wakubwa wa afya wapite sokoni kupima tube hizi, waanze na waagizaji wenye depo, wasianze na mama mwenye meza moja. Na tunaomba mushauri kwenye kila zone de santé. Musiseme watu hawako. UNILU iko na fakilte nzima ya saikolojia. Wale waliomaliza tunawajua, wanauza mega ya simu, wanaendesha manseba, wanaongoja kama sisi. Muji una wagonjwa wasio na mushauri na washauri wasio na kazi, na wenye kuhesabu bajeti hawaone namna ya kuwakutanisha.

Kuanzia leo, kila mwenye kuona tangazo lenye maneno hayo mawili apige picha, afunike namba za simu na majina ya watu, atutumie pamoja na tarehe na jina la komini. Tunaweka zote kwenye dosie moja, tutaipeleka sisi wenyewe, kwa miguu, ku Inspection du Travail. Wenye kutaka mama mushauri, muniandikie pembeni. Anapokea Alhamisi, mufike mapema, juu foleni imeanza kuwa ndefu.