Ardhi ya Miti si Ardhi Iliyopotea

Yako maneno yasemwayo mara nyingi katika nchi ya Gusii hata yamekuwa kama sheria: kwamba ardhi isiyotoa ndizi, chai, mahindi wala kodi ya nyumba ni ardhi iliyopotea. Asemaye hivyo huonwa kuwa mwenye busara. Atakaye kipande cha nchi kiachiwe miti, ili watu wakapumzike chini ya kivuli chake, huchekwa na kuambiwa kuwa hiyo ni anasa ya matajiri wa Nairobi. Maneno hayo si ya kweli, na yafaa yapingwe.

Kwanza tuwatendee haki wayasemao. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilometa ya mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Baba huwagawia wanawe shamba hata fungu la kila mmoja likawa halitoshi kulisha ng'ombe. Mtu huyo akiuliza kwa nini mti upewe nafasi aliyoikosa mwanawe, swali lake si la kipumbavu.

Jibu ni hili. Mwenye shamba kubwa hupumzika ndani ya mpaka wake. Asiye na shamba hana ila mahali pa wote. Tajiri akichoka hupanda gari akaenda atakako. Mchuuzi wa soko la Daraja Mbili, aliyesimama juma zima katika vumbi na kelele, atawapeleka wapi watoto wake Jumapili alasiri? Kadiri ardhi inavyopungua, ndivyo msitu wa wote unavyozidi kuwa haja ya maskini.

Tazameni Karura, msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ulio kaskazini ya katikati ya Nairobi. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu waliotaka kujenga majumba. Profesa Wangari Maathai na wenziwe walikataa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda miti, naye akajeruhiwa kichwani. Lakini hawakurudi nyuma. Leo watu waliochoshwa na mji hutembea humo, wakasikia ndege na maporomoko ya maji. Kiingilio hulipwa, na ni wajibu wetu kudai kisimzidi mchuuzi nguvu. Lakini lau majumba yangalishinda, wachache wangalipata makao na maelfu wangalikosa pumziko, wala pasingalikuwa na lango la kubishania.

Wengine husema, "Mbona vilima vyetu vimejaa mikaratusi?" Ni kweli, lakini hiyo hupandwa ili ikatwe, nayo hunywa maji mengi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza iondolewe kandokando ya vyanzo vya maji. Shamba la nguzo si msitu.

Sisi tunayo majabali ya Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Asimamaye juu yake huuona mji wa Kisii bondeni, na anga likiwa safi huliona Ziwa Victoria kwa mbali. Miteremko mikali kama ile haimnufaishi mwenye jembe, kwa kuwa mvua humchukulia udongo. Bali mti huushika. Basi mikuyu na miti mingine ya asili ikipandwa pale na kulindwa, ni mkulima gani atakayekuwa amenyang'anywa chakula?

Enyi vijana, baadhi yenu mtakuwa wapima ardhi, madiwani na mahakimu. Siku moja mtaletewa ramani yenye kipande kisichojengwa, nanyi mtaambiwa kuwa hakina kazi. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni ni nani hupumzika hapo, na kama ana mahali pengine pa kwenda.