Intaneti ya wote: tusingojee siku watakapoikata

Wananchi wenzetu, vijana wa Panda, Kikula, Shituru na Likasi katikati,

Kila tunapoweka neno intaneti mu mikutano yetu, mtu mmoja anasimama na kuuliza: «Maji haitoki, courant inakatika, barabara ni mashimo matupu, na ninyi munatuletea mambo ya intaneti?» Ni ulizo la haki na tunalijibu. Leo mama wa soko anapokea malipo ya unga kwa simu. Mwanafunzi anapata masomo yake kwa WhatsApp. Mtaa ukikaa wiki nzima bila maji, picha moja iliyotumwa inafika kwa wakubwa mbele ya barua yetu. Mwenye kukata intaneti anatunyang'anya pia njia ya kudai maji na courant.

Na inakatwa, hilo tunalijua vizuri. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilizimwa mu inchi yote. Ilirudi tarehe 19 Januari 2019, karibu siku 20, wakati raia walikuwa wanangojea matokeo ya kura zao. Kule Goma, wenye uwezo walitumia kadi za simu za Rwanda. Kinshasa, wengine walivuka mto kwenda Brazzaville. Siye wa Likasi tuko na mpaka wa Zambia, lakini kufika Kasumbalesa ni kufanya kwanza kilometa 120 mpaka Lubumbashi, kisha kuendelea tena. Nani angelipa safari hiyo ili asome ujumbe mmoja?

Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2011, kisha uchaguzi, SMS zilikatwa. Januari 2015, raia walipoandamana kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa. Desemba 2016, muda wa rais ulipofika mwisho, zamu ilikuwa ya mitandao ya kijamii. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano ya walei wakatoliki, wakakata tena. Soma tarehe hizo moja moja: kila mara, raia alikuwa na neno la kusema juu ya nani atatawala. Wakubwa walituambia ni sababu ya usalama. Lakini Katiba ya 18 Februari 2006, mu vifungu vya 23 na 24, inatupa haki ya kusema na haki ya kupata habari, na haisemi haki hizo zinalala wakati wa uchaguzi.

Hapa njo tunafika kwa watu tunaotaka kuwazungumuzia leo: viongozi wa kujitolea, wale wanaopigania intaneti iwe wazi na iwe ya kila mtu. Wengi hawana mshahara wala gari. Mega wanazotumia wanazinunua na makuta yao wenyewe. Na kazi yao iko na bei kubwa. Tarehe 15 Machi 2015, mu Kinshasa, vijana walikamatwa siku ya kuzindua Filimbi. Kati yao kulikuwa Fred Bauma wa LUCHA, na Yves Makwambala, aliyekuwa anatengeneza site web ya Filimbi. Wote wawili walitoka gerezani mu Agosti 2016 tu, miezi 17 imepita. Site web ya vijana, miezi 17 ya kufungwa: mwenye kusema intaneti ni muchezo wa watoto aikumbuke hesabu hiyo.

Lakini kazi hiyo inazaa matunda pia. Tukumbuke RAM. Tangu Septemba 2020, mayunite yetu yalikuwa yanakatwa: dolari 7 kwa mwaka juu ya simu ya 3G ao 4G, dolari 1 juu ya simu ya 2G. Mama anaingiza mayunite ili aite mwana wake, mayunite yanaisha mbele hajasema «allô». Vijana wa miji mbalimbali walikataa. Waliandika, waliandamana, walieleza raia kwa lugha zao kile kilichokuwa kinakatwa na kwa nini. Mambo ilifika mpaka Bunge la taifa mu 2021, na mwanzoni mwa 2022 RAM iliondolewa. Mjue basi: ushuru wenye kuwekwa na wakubwa unaweza kuondolewa na raia, kama kuna watu waliojipanga na hawachoki.

Kuna pia wale wanaojenga. Mu kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, wakaaji wenyewe walishirikiana kuweka rezo ya kijamii inayoitwa Pamoja Net. Mu Kibera, kule Nairobi, vijana wa Tunapanda walifanya vilevile kwa kuunganisha masomo na vituo vya mtaa. Watu wa kisiwa na watu wa mtaa maskini waliweza. Likasi, mji wa iniversite, wa mafundi na wa viwanda, inashindwa sababu gani? Kobalti ya Katanga yetu inaingia mu batri za simu za dunia nzima. Haifai mtoto wa Kikula apande mpaka kilimani kutafuta rezo ya kutuma kazi ya masomo.

Tuseme wazi: intaneti yenye kuwa wazi haitoshi kama haiko ya wote. Ordonnance-loi n° 23/010 ya 13 Machi 2023, Code du numérique, inatugusa wote, lakini imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa mu Septemba 2023 na akakaa gerezani miezi sita. Code hiyo ilikuwa kati ya sheria walizomushitaki nazo. Kama mwandishi anayejulikana inchi yote alifungwa, kijana wa Panda anayesambaza ujumbe bila kujua sheria inasema nini atalindwa na nani? Na wale wasiosoma Kifaransa? Na vipofu, viziwi, wazee, na bamama ambao simu ya nyumba inakaa mu mufuko wa bwana? Hao njo wa kwanza kuachwa inje.

Njo maana tunataka Likasi iwe na viongozi wake wa kujitolea, angalau wawili kwa kila mtaa, mwanamuke na mwanaume. Kazi yao itakuwa ya kila siku. Kueleza sheria kwa Kiswahili. Kufundisha watu kulinda simu na kutowapa matapeli namba ya siri. Kuhakikisha habari mbele ya kuisambaza, sababu uongo wa WhatsApp unaweza kuchoma nyumba ya jirani. Kuandika mu kitabu siku na saa rezo inapokatika, mtaa kwa mtaa, ili siku tukienda kulalamika tusiende na maneno matupu. Uchaguzi ujao ni wa mwisho wa 2028. Kitabu hicho kikianza siku ile ile ya kukatwa, tutakuwa tumechelewa.

Tunaweka pia masharti kwa viongozi hao, na siye wenyewe tukiwa wa kwanza. Nafasi si ya maisha: mwaka mumoja, kisha wenzao wanawachagua tena ao wanawabadilisha. Kila franga inayoingia inaandikwa na kusomwa mbele ya wote. Mwenye kutafuta per diem ao kiti cha chama cha siasa, aende kukitafuta fasi ingine. Na kujitolea kwetu kusiwe sababu ya serikali kulala. Kijana anaweza kueleza sheria bure. Kusimamisha mnara mu mtaa usio na rezo ni kazi ya wenye kukusanya kodi na wenye kuuza mega.

Kwa hiyo tunadai:

Kwa serikali na ARPTC: mutoe ahadi mbele ya watu, kwa maandishi, kwamba intaneti haitakatwa mbele, wakati wala kisha uchaguzi. Na Code du numérique itafsiriwe mu lugha zetu nne za taifa.

Kwa makampuni ya simu: mukipokea amri ya kukata, muitangaze, museme nani ametoa na kwa sheria gani. Bei za mega zibandikwe wazi, na zisibadilike usiku watu wamelala.

Kwa mairie ya Likasi: mutupe chumba kimoja mu kila commune, masaa machache kwa wiki, tufundishe watu. Hatuombi makuta.

Kwa walimu, mapadri, wachungaji na maimamu: mutufungulie milango. Watu wanawasikiliza ninyi mbele yetu.

Na kwako kijana unayesoma hapa: usiseme «wale wa Kinshasa watafanya». Kinshasa hawajui mtaa gani wa Shituru hauna rezo. Wewe unajua. Njoo na kile unachokijua, hata kama simu yako imepasuka kioo.

Siku 20 za kimya zinatosha. Hatutazikubali tena.