Viungo vya mchuzi kwenye chupa ya mafuta: mimi siungi mkono



Kijana mmoja kanitumia picha ya chupa zake: kitunguu maji, karoti, hoho, kitunguu saumu na tangawizi, vyote vimesagwa na kufunikwa mafuta ya alizeti. Zinakaa dukani kwenye shelfu. Wazo ni zuri sana. Mtu anayerudi kazini saa 1 usiku hana hamu ya kumenya saumu. Lakini nimemwambia aziondoe.

Mafuta yanazuia hewa. Saumu na karoti zinatoka udongoni na hazina uchachu wa kutosha, na bakteria wa botulizimu wanapenda mahali pa namna hiyo, hasa pasipo na baridi. Sumu yao inaua, na chupa inaweza isinuke kabisa.

Mimi ningefanya hivi. Vitunguu viwili kwa karoti moja na hoho moja, katakata vidogo, saumu punje mbili tatu tu (ikizidi, mchuzi mzima unakuwa saumu). Kaanga kwa moto mdogo mpaka kitunguu kilainike bila kuungua. Poza haraka, fungasha kiasi cha sufuria moja, gandisha.

Huna friza? Uza fungu la vibichi visivyokatwa, mahitaji ya mchuzi mmoja. Zile karoti zilizopinda ambazo dalali anakukatalia, humo zinaingia bila neno.

Ukiing'ang'ania chupa, anzia SIDO wakufundishe usindikaji, na pH iwe chini ya 4.6 kabla hujamuuzia mtu.