Kalamu Iliyo Mikononi mwa Kila Mtu



Mzazi mmoja wa hapa Nyegezi, ambaye watoto wake wawili wanasoma sekondari, ameniuliza swali ambalo naamini linawagusa wazazi wengi. Watoto wake, kila wapewapo kazi na mwalimu, hufungua simu na kunakili maelezo kutoka Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti. Yeye amesikia kwamba kila mtu anaweza kuandika humo atakalo. Je, awakataze? Mwanawe mkubwa naye ana lake: amesikia kwa wenzake kwamba ukiingia kusahihisha kosa, wenyeji wa humo hulifuta sahihisho lako, na ukikazana hukufungia mlango. Maswali haya mawili ni pande mbili za jambo moja, nami nitayajibu kwa pamoja.

Tuanze na asili yake. Wikipedia ilianzishwa Marekani tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Toleo la Kiswahili lilifunguliwa mwaka 2003, na leo lina makala zaidi ya 80,000, ilhali la Kiingereza lina zaidi ya milioni 6. Wanaoandika wanajitolea. Hakuna mhariri mkuu anayepitisha kila sentensi kabla haijachapishwa. Sentensi huchapwa kwanza, kisha ndipo hukaguliwa na yeyote aliye macho.

Sisi tunaoandika mukhtasari wa vikao tunalielewa jambo hili kwa urahisi. Katibu akiandika jambo lisilo sawa, mjumbe haruhusiwi kuchukua daftari usiku na kulifuta. Hungoja kikao kinachofuata, hunyoosha mkono, hueleza, na marekebisho huandikwa ili kila mtu ajue nani alirekebisha nini na kwa sababu gani. Wikipedia nayo ina daftari la namna hiyo. Kila makala ina ukurasa wa historia, unaotunza kila badiliko tangu siku ya kwanza: saa lilipofanywa, na jina la mtumiaji aliyelifanya au, kwa asiyejisajili, alama ya kumtambulisha. Pia kila makala ina ukurasa wa majadiliano, ambako wanaohitilafiana hutoa hoja zao. Kwa hiyo aliyefuta makala nzima hajaangamiza kitu; mwingine huirejesha kwa kubonyeza mara moja au mbili.

Wale waliosoma elimu ya hadithi watakumbuka isnadi. Sisemi kwamba mambo haya mawili yana daraja moja, hasha. Ila swali linaloulizwa ni moja: habari hii imetoka kwa nani, naye aliipata wapi? Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetufunza kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Kijana anayenakili makala bila kutazama historia yake wala vyanzo vilivyotajwa chini yake, amepokea habari bila kumjua msimulizi.

Uharabu, yaani uharibifu wa makusudi, una sura nyingi. Uko wa kitoto: mtu anaingiza matusi, anafuta aya nzima, au anaandika jina la rafiki yake mahali pa jina la rais. Huu hauna madhara makubwa, kwa sababu unaonekana. Katika toleo la Kiingereza ipo hata programu, ambayo tangu mwaka 2010 imekuwa ikiutambua na kuutengua yenyewe. Uharabu wa hatari ni ule wa kimya: mwaka unaogeuzwa tarakimu moja, idadi inayoongezwa sifuri, jina la kijiji linalohamishiwa wilaya nyingine. Na hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa katika hali dhaifu. Wakabidhi wa toleo letu, yaani wenye mamlaka ya kulinda kurasa na kuzuia waharibifu, ni watu wachache. Wako wajitoleaji wa mataifa mengine wanaozungukia matoleo madogo kusaidia ulinzi, lakini mtu asiyejua Kiswahili ataona ukurasa uliofutwa. Hataona mwaka 1996 uliogeuzwa kuwa 1986. Huyo wa pili atamwona Mswahili tu.

Msidhani haya ni mambo ya lugha ndogo peke yake. Mwaka 2005, mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba makala ya Kiingereza iliyomhusu ilikuwa imemhusisha na mauaji ya Rais John Kennedy na ya ndugu yake Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, ulioandikwa na mtu aliyedai baadaye kwamba alikuwa akifanya mzaha, nao ulikaa hapo takriban miezi minne. Baada ya fedheha hiyo, wasiojisajili walizuiwa kuanzisha makala mpya katika toleo la Kiingereza, na kanuni za kuandika habari za watu walio hai zikakazwa. Kisha mwaka 2020 ikabainika kwamba maelfu ya makala katika toleo la lugha ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Hakuwa na nia mbaya. Lakini wenye lugha hawakuwepo kumwangalia, na kwa miaka kadhaa dunia ikasoma Kiskoti kisichokuwa Kiskoti. Sisi tunaobandika tafsiri za mashine na kuziita Kiswahili tulione onyo hilo.

Sasa niingie kwenye magomvi, maana hapo ndipo penye swali la yule kijana. Ugomvi si uharabu. Mharibifu anajua kwamba anaharibu. Wagombanao kila mmoja huamini kwamba anatengeneza. Na sisi watu wa Mwanza tuna mfano mzito.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430, na siku hiyo ilibeba wengi kupita kiasi. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Ndiyo maana mpaka leo ukisoma maandishi mbalimbali utakuta mahali pengine waliokufa ni mia tano na zaidi, pengine mia nane na zaidi, pengine karibu elfu moja. Wengi wamelala makaburini Igoma. Ziko familia katika mkoa huu na Kagera zinazojua kwa yakini kwamba ndugu yao alipanda meli ile, na jina lake halimo katika karatasi yoyote.

Fikiria mjukuu wa familia kama hiyo. Anakuta idadi ndogo imeandikwa, anaifuta na kuweka kubwa, bila kutaja chanzo. Mwingine anairejesha. Kijana anaifuta tena, safari hii akiongeza neno kali. Anarejeshewa. Mara ya nne anazuiwa kuhariri, naye anaondoka akiamini kwamba damu ya ndugu yake imedharauliwa. Moyoni mwake alisema kweli. Lakini msomaji aliyeko Lindi au Muscat atamjuaje? Atamtofautishaje na mzushi anayeongeza sifuri kwa kujifurahisha?

Kanuni za kamusi hiyo kuhusu ugomvi wa namna hii zinaeleweka. Ya kwanza ni kutoegemea upande: makala njema haichagui idadi moja na kuzika nyingine, bali hutaja kila idadi pamoja na aliyeitoa, kisha hueleza sababu ya tofauti, ambayo hapa ni kukosekana kwa orodha kamili. Ya pili ni kwamba kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa ambacho mwingine anaweza kukifuatilia. Ya tatu ni kumdhania mwenzako wema mpaka idhihirike vinginevyo. Nasi husnudhana hatukuijua leo. Na katika toleo la Kiingereza kuna mpaka ulio wazi: mtu asitengue maandishi ya wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, hata kama ana haki. Akipita hapo anaweza kuzuiwa kwa kosa la kugombana, na ukweli wa alichoandika haumwokoi.

Naikubali haki ya kanuni hizi, lakini sitaficha uzito wake kwetu. Kanuni ya chanzo kilichochapishwa inawaelemea watu ambao kumbukumbu zao ziko vifuani. Bibi aliyempoteza mumewe majini si kitabu. Akifa, ushahidi wake unakwenda naye, na kamusi itabaki na idadi iliyoandikwa na waliokuwa na karatasi. Dawa yake si kupigana katika ukurasa wa makala. Dawa ni kuandika kwanza mahali pa kuandikia: gazetini, katika kitabu cha historia ya ukoo au ya msikiti, katika utafiti wa wanafunzi wa vyuo vyetu vya hapa Mwanza. Neno la bibi likishachapishwa kwa jina na tarehe, linaweza kutajwa kama ushahidi wake, nalo likawekwa pamoja na mengine.

Upo mgogoro mwingine uliotugusa Waislamu moja kwa moja. Mwaka 2008 zaidi ya watu laki moja walitia saini ombi la kutaka picha za kuchorwa zinazodaiwa kumwonyesha Mtume (s.a.w.) ziondolewe katika makala ya Kiingereza. Wahariri walikataa, wakisema kwamba kamusi hiyo haifungwi na makatazo ya dini yoyote, ila wakatoa maelekezo ya namna ambavyo msomaji anaweza kuzificha katika kompyuta yake. Hatukuridhika, na hatuna haja ya kujifanya tumeridhika. Lakini tuwe wakweli kuhusu njia. Waliozifuta kwa mabavu walirejeshewa, na ukurasa ukafungwa kwa wasiojisajili. Waliobaki katika majadiliano waliendelea kuhesabiwa kama wenye hoja, na mwaka 2012 yalifanyika mashauriano mapana kuhusu wingi na mahali pa picha hizo. Mwenye kususa kikao hana kura katika maamuzi yake.

Basi namjibu mzazi mwenzangu hivi. Usiwakatazе watoto, wafundishe. Kwanza, makala iwe mlango wa utafiti, isiwe mwisho wake. Mtoto ashuke hadi vyanzo vilivyotajwa chini, na tarehe au idadi muhimu ailinganishe na kitabu cha shule au cha Maktaba ya Mkoa. Pili, afungue ukurasa wa historia kabla ya kunakili. Akiona badiliko la jana lisilo na maelezo wala chanzo, asilitegemee. Tatu, aelewe kwamba kuharibu makala kwa mzaha ni kusema uongo mbele ya watu asiowajua, na kwamba uongo unaomhusu mtu aliye hai ni dhuluma juu ya heshima yake. Aelewe pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu anayechapisha taarifa za uongo kwa makusudi. Neno "nilikuwa natania" halitamsaidia sana.

Kwa yule kijana: ukikuta kosa, jisajili, sahihisha kwa sentensi fupi, taja chanzo, na eleza sababu. Ukirejeshewa, usirejeshe. Nenda kwenye majadiliano, uliza kwa adabu kasoro iko wapi, na ungoje jibu hata siku kadhaa. Mkishindwa kuafikiana, ombeni mtu wa tatu asiye na upande aangalie. Na ikiwa chanzo hakipo, basi hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza: kaa na babu na bibi, uliza, andika majina na miaka. Makala za Kiswahili kuhusu vijiji, visiwa na wavuvi wa ziwa letu zinahitaji walinzi wanaoishi huku, watakaoiona tarakimu iliyogeuzwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kalamu zenye ukweli na ndimi zenye subira, na awarehemu wote waliotangulia kwa maji na kwa nchi kavu. Wabillahi tawfiq.