Tamko Kuhusu Shahada ya Lishe na Nafasi ya Wahitimu Wake Kazini

Sisi, wanachama wa chama cha wanataaluma na wanafunzi wa lishe, tunatoa tamko hili wakati vijana waliomaliza kidato cha sita wanapojaza maombi ya vyuo vikuu. Tunawaelekea vijana hao na wazazi wao, vyuo vinavyotufundisha, waajiri, na Serikali. Msimamo wetu ni mmoja. Shahada ya lishe ni taaluma inayojitegemea, na nchi inapata hasara kila inapomsomesha kijana taaluma hii kisha ikamweka mbali na mtoto, mgonjwa na chakula alivyosomea.

Tunajua jinsi wengi wanavyoifikia shahada hii. Kijana ameomba udaktari, alama hazikutosha, lishe ikawa chaguo la tatu au la nne. Akirudi nyumbani likizo ya kwanza anaulizwa kama amekwenda chuo kikuu kusomea kupika. Wapo wanaolia mwaka wa kwanza, nao si wachache. Tunawaambia wazazi kwa heshima zote kwamba swali hilo linamwumiza kijana, na linatokana na kutoijua kazi yenyewe.

Chukua mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi: mahindi, maharage, viazi, maziwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 42 mwaka 2010. Hayo ni mafanikio, na tunayatambua. Lakini Iringa udumavu ulikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Ghala limejaa, na mtoto wa nyumba hiyohiyo hakui. Mama anatoka alfajiri kwenda shambani akiwa na ujauzito na anarudi jioni. Mtoto ameachiwa uji mwepesi wa mahindi, anaunywa mara mbili kwa siku. Maharage yameuzwa kulipia ada na mbolea. Mtoto anaharisha kila mvua zikianza. Na mama mwenyewe aliolewa kabla mwili wake haujamaliza kukua. Ipi kati ya sababu hizo ishughulikiwe kwanza, kwa fedha zilizopo, katika kijiji hiki na si kile cha jirani? Anayeweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi amesomea lishe.

Nchi hii iliwahi kuufundisha ulimwengu namna ya kulijibu. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria mwaka 1973. Kisha, mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983 hadi 1988, Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, waliendesha mpango ambao wanakijiji wenyewe walipima watoto wao, wakakaa kujadili kwa nini fulani hakui, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Fikra zilizokomaa pale zilichangia mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990, na ambao wanafunzi wa lishe katika nchi nyingi wanafundishwa hadi leo. Kwamba mkoa huohuo leo unaongoza kwa udumavu ni jambo linalotuuma sana.

Sasa tuingie wodini. Mtoto wa kilo sita ameletwa na bibi yake. Mkanda wa kupimia mkono wa juu unasoma chini ya sentimita 11.5, maana yake ana utapiamlo mkali. Bibi ana uchungu, anataka mjukuu ale ashibe, na ametoka kumnunulia mayai. Huruma ya bibi ni ya haki, lakini mwili wa mtoto huyu haujaweza kuibeba. Moyo na figo zimedhoofu. Akipewa chakula kingi na kizito siku ya kwanza anaweza kufa kwa sababu ya chakula hicho. Anaanza na maziwa maalumu ya F-75, mililita 130 kwa kila kilo kwa siku, yakigawanywa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kwa kilo zake sita ni mililita 65 kila mlo. Ikiwa amevimba sana mwili, kiwango kinashuka hadi mililita 100 kwa kilo, yaani 50 kila mlo. Tofauti ni mililita 15, vijiko vitatu vya chai. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua ndipo anapohamishwa, polepole, kwenda kwenye maziwa mazito zaidi au chakula dawa. Na kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, mtu akae na bibi, wajue kwake kuna nini jikoni, na uji wa mtoto utaongezwa nini kinachopatikana pale kijijini. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa kubahatisha.

Mwanafunzi ataikuta wapi elimu hiyo? Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinatoa Shahada ya Sayansi ya Lishe ya Binadamu kwa miaka mitatu. Kuna biokemia na fiziolojia, ambazo huwatoa jasho waliodhani wamekuja kusoma mapishi. Kuna takwimu na epidemiolojia, tathmini ya hali ya lishe, lishe ya mama na mtoto, lishe tiba, usalama wa chakula, na elimu ya jamii. Waliosoma kemia na baiolojia kidato cha tano na cha sita wana msingi, na waliosoma mchepuo wa CBN (Kemia, Baiolojia na Lishe) wanaanza wakiwa na uzoefu wa somo lenyewe. Sifa kamili za kujiunga zisomwe katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka husika, wala zisichukuliwe kwenye makundi ya WhatsApp. Jambo moja huwakosesha wengi njia: Sayansi na Teknolojia ya Chakula ni shahada nyingine. Kijana anayependa mashine za kusindika, vifungashio na muda wa bidhaa kukaa bila kuharibika, huko ndiko kunakomfaa. Lishe inaanza pale chakula kinapokutana na mwili wa mtu na maisha ya nyumba yake.

Kuhusu ajira tutasema ukweli, kwa kuwa vijana wamechoka kupewa ahadi. Nafasi inayojulikana zaidi ni ya Afisa Lishe wa halmashauri, inayotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na kwa sensa ya mwaka 2022 kila moja ina wastani wa watu zaidi ya laki tatu. Afisa lishe anatakiwa kuratibu kamati ya lishe inayokutanisha afya, kilimo, mifugo, elimu, maji na maendeleo ya jamii. Kufuatilia ile shilingi 1,000 ambayo halmashauri inapaswa kutenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Na kuandaa taarifa za mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini tangu mwaka 2017. Tunaiunga mkono mikataba hiyo kwa dhati. Lakini wenzetu wengi wanatuambia kwamba siku zao zinaishia kwenye kompyuta, wakikusanya takwimu za vijiji ambavyo hawana usafiri wa kuvifikia. Fedha zikitengwa kwenye bajeti na zisitoke, afisa lishe anabaki na mpango mzuri kwenye kabati na watoto wasioonwa na mtu.

Hospitalini pengo ni kubwa zaidi, na hapa tunaomba madaktari wakuu na wakurugenzi wa hospitali watusikilize. Kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya figo yanaongezeka, na mgonjwa anatoka kwa daktari na ushauri wa sentensi moja: kula matunda na mboga kwa wingi. Kwa mtu mzima mwenye afya ni ushauri mwema. Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, ndizi, parachichi na maji ya dafu vinaweza kupandisha potasiamu hadi moyo wake ukasimama. Mgonjwa huyo anahitaji kukaa na mtaalamu na kuambiwa matunda gani, kiasi gani, na kwamba mboga zake zikatwe, zichemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe. Kazi hii inahitaji muda, na daktari mwenye foleni ya wagonjwa hana muda huo. Mtu wake awepo kwenye ikama.

Viwandani nako kuna kazi. Kanuni za kuongeza virutubishi katika unga na mafuta zipo tangu mwaka 2011, na usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Baada ya msiba ule, kinu chochote kinachouza unga bila mtu anayeelewa uhifadhi wa nafaka kinacheza na maisha ya watu. Wapo pia wahitimu waliojiajiri, na hapa lazima tuseme neno kali kuhusu unga wa lishe. Kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na dagaa katika mfuko mmoja, kisha kumwambia mama kwamba nafaka zikizidi kuwa nyingi ndivyo mtoto anavyoneemeka, si sahihi. Nafaka nne bado ni wanga. Karanga zilizosagwa na kukaa muda mrefu huchacha, na zikiwa na sumukuvu humwathiri mtoto mchanga kuliko mtu mzima. Mhitimu wa lishe anayetengeneza bidhaa hiyo kwa mtindo huo anaisaliti elimu yake.

Kwa hiyo tunavitaka vyuo virefushe mafunzo kwa vitendo, na kila mwanafunzi apite wodi ya watoto, kliniki ya kisukari na angalau kijiji kimoja ambako atakaa hadi aione familia ileile ikirudi kupimwa. Tunaiomba Serikali iweke utarajali wenye posho kwa wahitimu wote wa lishe, na ipeleke wataalamu hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya, badala ya kuwaacha makao makuu ya halmashauri. Kenya walitunga sheria yao ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, wakaunda taasisi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Tunaomba wizara ikae nasi tuone lipi katika mfano huo linatufaa. Waajiri wanaowatumia wahitimu wetu kwa miezi na miezi kwa jina la kujitolea, bila hata nauli, waache.

Chama nacho kina wajibu wake. Wanachama wetu watazitembelea shule za sekondari kueleza shahada hii kabla ya maombi ya vyuo kufungwa, wakisema wazi raha na ugumu wake. Na mwanachama yeyote atakayetumia cheo cha mtaalamu wa lishe kuuza mitandaoni vidonge na poda zinazodaiwa kuponya kisukari au kuyeyusha uvimbe ataitwa mbele ya kamati ya maadili, na akithibitika kufanya hivyo atafutiwa uanachama na jina lake kupelekwa kwa mamlaka zinazohusika.

Limetolewa Morogoro na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.