Mali bila daftari hupotea bila habari

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili ni nani aliyeunda ndege, naye atakujibu kabla hujamaliza swali kwamba ni ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Atakutajia hata tarehe: Desemba 17, 1903. Muulize tena ndugu hao waliandika nini kuhusu chombo chao, waliandika lini, na kwa nini maandishi yao ya kwanza yalikataliwa, naye atabaki kukukodolea macho. Simlaumu. Hivyo ndivyo tulivyomfunza: kukariri jina la mvumbuzi na mwaka wa uvumbuzi, kisha kufunua ukurasa unaofuata.

Rai yangu ni kwamba tumewafunza vijana wetu nusu ya habari, tena ile nusu isiyo na manufaa makubwa. Uvumbuzi hauishii kwenye karakana. Hukamilika mezani, mbele ya karatasi, pale mvumbuzi anapolazimika kueleza kwa maneno na michoro ni kitu gani hasa alichokifanya ambacho hakuna aliyekifanya kabla yake. Vyombo vingi vya mwanzo wa karne ya ishirini vinatuhudumia hadi leo kwa sababu vilivumbuliwa, naam, lakini pia kwa sababu viliandikwa.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu hataza. Hii ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili aweze kuwazuia wengine kuunda, kutumia au kuuza kitu alichokivumbua kwa muda maalumu. Wengi hukomea hapo, wakadhani hataza ni kufuli tu. Husahau sehemu ya pili ya mapatano. Ili apewe hati hiyo, mvumbuzi sharti aeleze kinaganaga jinsi kitu chake kinavyoundwa na kinavyofanya kazi, kiasi kwamba fundi mwingine wa kazi hiyo aweze kukiunda kwa kusoma maelezo hayo. Mvumbuzi hutoa siri yake, umma nao humpa muda. Muda ukiisha, siri huwa mali ya wote. Nchini Marekani, katika miaka ninayoizungumzia, muda huo ulikuwa miaka 17 tangu hati kutolewa. Hapa Kenya leo ni miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, mradi ada za kila mwaka zilipwe.

Sasa turejee kwa ndugu Wright. Waliwasilisha ombi lao Machi 23, 1903, karibu miezi tisa kabla ya safari ile mashuhuri. Waliliandika wenyewe, bila wakili, na ofisi ya hataza ikalikataa kwa kuwa maelezo hayakuwa wazi ya kutosha. Tafakari jambo hilo, ewe mwanafunzi. Watu waliokuwa na ujuzi wa kuruka angani kuliko binadamu wengine wote walishindwa kumweleza mkaguzi mmoja wa serikali walichokuwa wakikifanya! Mwaka 1904 walimwendea wakili Harry Toulmin wa Springfield, Ohio, naye akayapanga upya madai yao. Hataza nambari 821,393 ilitolewa Mei 22, 1906.

Je, walidai nini? Hawakudai kwamba wamevumbua injini. Michoro ya hataza hiyo haina injini kabisa. Chombo kilichochorwa ni ndege isiyo na mtambo wa kuisukuma, mfano wa ile waliyoijaribu mwaka 1902. Walichodai ni namna ya kuiongoza. Rubani alizipinda ncha za mabawa, upande mmoja kwa pembe moja na upande wa pili kwa pembe iliyo kinyume, ili upande mmoja uinuke zaidi ya mwingine. Lakini upande ulioinuka pia ulikwama zaidi hewani na kutaka kuigeuza ndege, kwa hiyo usukani wa mkiani ukatumiwa kuizuia isigeuke ovyo. Wengine walikuwa wakishindania nguvu za kuruka; hawa wawili waliona kwamba tatizo kubwa ni kukitawala chombo kikiwa angani. Mwalimu akimwonyesha mwanafunzi hilo, atakuwa amemfunza fizikia, atakuwa amemfunza kufikiri, na wala hatakuwa amepoteza hata dakika moja ya kipindi.

Mfano wangu wa pili ni wa mwanamke, nao ni mfano mchungu. Mary Anderson alizaliwa Alabama mwaka 1866. Hakuwa mhandisi. Alipozuru jiji la New York majira ya baridi, aliabiri tramu, yaani lile gari la abiria lipitalo juu ya reli barabarani, akamwona dereva akihangaika kwa kuwa theluji na mvua vilikuwa vimekifunika kioo cha mbele. Dereva aliendesha dirisha likiwa wazi, akipigwa na baridi pamoja na abiria wake. Wengi waliiona adha hiyo wakanung'unika. Yeye aliiona akachora. Mchoro wake ulikuwa na mkono wenye ukingo wa mpira nje ya kioo, na wenzo ndani ya gari ambao dereva angeuvuta kwa mkono bila kuondoka kitini. Chombo chenyewe kingeweza kuondolewa hali ya hewa ikiwa nzuri. Alipewa hataza nambari 743,801 mnamo Novemba 10, 1903.

Mwaka 1905 alijaribu kuuza haki zake kwa kampuni moja ya Kanada, akajibiwa kwamba kitu hicho hakikuwa na thamani ya kibiashara. Hataza yake ikaisha mwaka 1920, wakati magari yalipokuwa yakianza kujaa barabarani, naye hakupata faida yoyote. Alifariki mwaka 1953. Mwaka 2011 ndipo jina lake lilipotiwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Je, karatasi ile ilimfaa nini? Haikumpa mali, hilo nakiri. Lakini isingalikuwapo, leo kusingekuwa na mtu wa kumtaja Mary Anderson, na waipa ya kila matatu ingekuwa kitu kisicho na mama.

Wa tatu ni Garrett Morgan, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Kentucky mwaka 1877 katika familia iliyotoka utumwani. Elimu yake ya darasani haikupita ya msingi. Alihamia Cleveland akawa fundi wa cherehani. Mwaka 1914 alipata hataza ya kofia ya kujikinga na moshi. Ukiisoma utastaajabia wepesi wake. Morgan alijua kwamba moshi wa moto huelekea juu, na hewa iliyo karibu na sakafu huwa safi zaidi. Basi kofia yake ikafunika kichwa chote, ikatoa bomba refu lililoning'inia hadi chini, na mwishoni mwa bomba hilo kukawa na sponji iliyoloweshwa maji ili ichuje na kupoza hewa. Julai 1916 mlipuko ulitokea ndani ya handaki la maji chini ya Ziwa Erie. Morgan na nduguye walivaa kofia hizo, wakaingia, wakawatoa watu. Hata hivyo, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, alipokuwa akiitembeza bidhaa yake ilimbidi amtafute Mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi, naye mwenyewe ajifanye msaidizi. Sokoni alilazimika kujificha. Katika hataza jina lilikuwa lake.

Morgan huyo huyo alipata hataza nambari 1,475,024 mnamo Novemba 20, 1923, kwa chombo cha kuongoza magari kwenye njia panda. Mara nyingi husemwa kwamba ndiye aliyevumbua taa za barabarani. Si kweli, ishara za namna hiyo zilikuwapo kabla yake, tena katika mji wake wa Cleveland. Alichokiongeza ni hatua ya katikati: mikono ya ishara ilipoinuliwa, magari ya pande zote yalisimama kwanza, ndipo upande mmoja uruhusiwe kupita. Hapa ndipo penye funzo kubwa kwa vijana wetu. Mvumbuzi si lazima aumbe kitu kizima kutoka hewani. Anaweza kuongeza hatua moja tu, mradi ajue kuitaja hatua hiyo bila kutia chumvi na bila kudai ya wenzake.

Sitaki nieleweke vibaya. Hataza si malaika. Hao hao ndugu Wright waliitumia hati yao kama ukuta. Kuanzia mwaka 1909 walimshtaki Glenn Curtiss, na kesi zikaendelea kwa miaka, hata baada ya Wilbur kufariki mwaka 1912. Nguvu zilizofaa kutumiwa karakanani zikatumiwa mahakamani. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali ilisukuma waundaji wa ndege waweke hataza zao katika chungu kimoja ili kila mmoja aweze kuunda kwa ada iliyokubaliwa. Mwanafunzi anayefunzwa faida za mfumo huu bila madhara yake atakuwa amedanganywa.

Lakini je, haya yote yanatuhusu vipi sisi? Yanatuhusu sana. Kwa miaka mingi hataza haikuweza kuzaliwa katika ardhi ya Kenya. Ilibidi itolewe kwanza Uingereza, ndipo isajiliwe Nairobi. Sheria yetu wenyewe ilipitishwa mwaka 1989, na nyingine ikaifuata mwaka 2001, ambayo ndiyo iliyoanzisha Taasisi ya Mali ya Viwandani, KIPI. Mlango umefunguliwa, ila wanaobisha ni wachache.

Nimewahi kuwa mwamuzi katika maonyesho ya sayansi ya shule. Nimeona mashine za kupukuchua mahindi zilizoundwa kwa spoku za baiskeli, na mitambo ya kunyunyizia miche maji iliyotokana na mitungi ya plastiki. Aghalabu humwuliza kijana maswali mawili: ni nini kipya hapa, na mwenzako wa mwaka ujao atakijuaje? Swali la kwanza humfanya anieleze kitu kizima badala ya kile alichokiongeza. La pili humfanya anyamaze. Maonyesho yakiisha, bango hukunjwa, chombo hutupwa stoo, na mwaka unaofuata mwingine huanza pale pale alipoanzia yule wa kwanza. Wahenga walituachia usia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawapendekezea walimu wenzangu mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Kwanza, kila mwanafunzi aliye na mradi awe na daftari lenye tarehe, aandike alichojaribu, kilichoshindikana na alichobadilisha. Pili, tumpe kitu cha kawaida, tuseme jiko la makaa lenye moyo wa udongo, aeleze kwa maneno na mchoro kwa nini kiuno chake kimebanwa na udongo una kazi gani, kisha maelezo hayo apewe mwenzake ambaye hajaliona jiko hilo, aone kama anaweza kulichora. Zoezi hili ni la sayansi, na pia ni la lugha. Mwalimu wa Kiswahili asijitenge nalo. Tatu, tuwasomeshe hataza halisi zilizokwisha muda. Ile ya Anderson ni fupi, michoro yake ni wazi, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma bila malipo. Ni mali yetu sasa, kama ilivyo mali ya Mmarekani.

Kuna watakaoniambia kwamba silabasi imejaa, maabara hazina vifaa, na mtihani haumngojei mtu. Nayajua hayo yote; mimi pia ni mwalimu. Lakini nawauliza: daftari la kurasa arobaini linahitaji maabara gani? Wengine watasema kwamba ada za kusajili hataza ni mzigo kwa mtoto wa mkulima. Hilo ni kweli, na ni wajibu wa wizara na taasisi husika kumpunguzia mzigo huo. Hata hivyo, mtoto asiyeweza kueleza alichokivumbua hatasaidiwa na punguzo lolote la ada. Atakayemsaidia ni mwalimu wake, mapema, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.

Mtaala wa umilisi unasema kwamba unataka mwanafunzi aweze kutenda, si kukariri tu. Vyema. Basi tusimpime kwa chombo alicholeta ukumbini peke yake. Tumpime pia kwa ukurasa mmoja unaosema: tatizo lilikuwa hili, wengine walifanya hivi, nami nimeongeza hiki. Shule itakayozihifadhi kurasa hizo kwa miaka kumi itakuwa na hazina ambayo haiwezi kununuliwa dukani, na kijana atakayeingia Kidato au Gredi inayofuata hatalazimika kuanza upya kutafuta kile ambacho kaka au dada yake alikwisha kukipata.